Kutoa Mkojo kwa Mpira Nyumbani: Mwongozo kwa Mwenye Kibofu Kilicholemazwa na Maradhi ya Mishipa ya Fahamu

Maswali wanayouliza wagonjwa na jamaa zao wanaporudi nyumbani kutoka hospitalini hapa Mombasa yanafanana sana, na yanastahili kujibiwa mahali pamoja kwa utaratibu. Mama wa mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi huuliza imekuwaje mwanawe analowa kutwa kucha ilhali daktari anasema kibofu chake hakitoi mkojo. Kijana aliyeumia uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda, au mgema aliyeanguka kutoka juu ya mnazi, huuliza kama ataishi na mfuko wa mkojo maisha yake yote. Mke anayemuuguza mumewe huuliza kama kweli inafaa kuingiza mpira mwilini kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni tu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, nao unashughulika na njia moja: kutoa mkojo kwa mpira mwembamba unaoingizwa kibofuni mara kadhaa kwa siku na kutolewa mara mkojo unapokwisha.

Usiusome kisha ukaanza peke yako. Mara ya kwanza mpira huingizwa mbele ya muuguzi au daktari anayeijua kazi hii, naye akuone ukifanya mwenyewe hadi mkono utulie. Maelezo yaliyomo humu ni ya kukusaidia siku zinazofuata, ukiwa chumbani mwako Kisauni, Likoni au Changamwe, na aliyekufundisha hayupo.

Jambo la kulielewa kabla ya yote

Kibofu kina kazi mbili, kuhifadhi mkojo bila kukaza na kuutoa wote wakati wake ukifika, na kazi zote mbili huongozwa na ubongo na uti wa mgongo. Uti ukiumia, au mishipa yake ikiwa na hitilafu tangu kuzaliwa, au ikiharibiwa na kifua kikuu cha mgongo au kisukari cha miaka mingi, mawasiliano hayo hukatika. Kwa wengine kibofu hulegea, hujaa bila mwenyewe kuhisi, kisha ziada hufurika na kuchuruzika. Kwa wengine kibofu hukaza kwa nguvu wakati ule ule mlango wake umefungwa, na hali hii ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu mgandamizo hurudi juu hadi kwenye figo na kuziharibu polepole bila maumivu yoyote. Ndiyo maana mtoto anaweza kulowa kila saa na bado kibofu chake kimejaa.

Kwa hiyo lengo la kwanza la kutumia mpira ni kulinda figo. Kukaa mkavu ni faida ya pili, tena kubwa kwa heshima ya mtu, lakini ukilitanguliza utaanza kupunguza maji ya kunywa na kurusha saa za kutoa mkojo kila unapojiona mkavu. Utakuwa unaziumiza figo huku ukidhani mambo yamekwenda vizuri.

Si kila mgonjwa wa mishipa ya fahamu anahitaji mpira. Aliyepatwa na kiharusi, kwa mfano, mara nyingi kibofu chake humwaga mkojo wote ila humharakisha. Huyo hufaidika zaidi akipelekwa msalani kila baada ya saa 2 au 3 kabla hajabanwa. Mpira ni wa yule ambaye mkojo mwingi hubaki kibofuni baada ya kukojoa, au asiyekojoa kabisa. Tofauti hiyo hujulikana kwa kipimo tu, haijulikani kwa kukisia.

Vipimo vya kufanya kabla ya kuanza

Omba vipimo vitatu ambavyo hospitali kubwa za hapa mjini huweza kuvifanya: picha ya ultrasaundi ya figo na kibofu, pamoja na kiasi cha mkojo kinachobaki, kipimo cha damu cha kreatinini kinachoonyesha kazi ya figo, na kipimo cha mkojo. Kipo kipimo kingine kinachopima mgandamizo ndani ya kibofu kinapojazwa maji, nacho ni bora kuliko vyote kwa mwenye jeraha la uti au mgongo wazi. Daktari akikuandikia rufaa ya kwenda kukifanya, usiiache ikakaa kabatini.

Kwa siku 3 kabla ya kwenda kliniki, andika kila unachokunywa, kila unapolowa na kila unapokojoa. Karatasi hiyo itamwambia daktari mengi ambayo maelezo ya mdomo hayawezi.

Vitu vya kuwa navyo

- Mipira ya aina ya Nelaton, ambayo haina puto. Kosa la kwanza hutokea dukani: watu huuziwa mpira wa Foley, wenye puto la kuuzuia usitoke, na huo ni wa kukaa mwilini. Namba iliyoandikwa hupima unene, kila namba 3 zikiwa sawa na milimita 1. Watu wazima wengi hutumia namba 12 au 14, na watoto namba 6 hadi 10 kulingana na umri. Mpira mnene zaidi hautoi mkojo vizuri zaidi ila huumiza njia.
- Jeli ya kulainisha inayoyeyuka kwa maji. Usitumie mafuta ya nazi, mafuta ya mgando wala losheni ya mwili. Hayatoki kibofuni, na yale ya mgando huharibu mpira.
- Sabuni ya kawaida, maji safi na taulo dogo ambalo halitumiwi kwa kazi nyingine.
- Jagi lenye alama za mililita.
- Kioo kidogo cha kusimamishwa, kwa mwanamke anayejifunza.
- Daftari na kalamu.
- Mkebe mkavu wenye mfuniko wa kuhifadhia mipira.

Mwenye mgongo wazi aepuke kabisa glavu, mipira na maputo ya lateksi (mpira wa asili unaotokana na utomvu wa mti) hata kama hajawahi kudhurika, maana kundi hili lina mzio wa lateksi mara nyingi kuliko watu wengine, na mzio huo unaweza kuwa wa kutisha. Uliza dukani mpira wa plastiki au wa silikoni.

Kuhusu glavu kwa ujumla: anayejitolea mkojo mwenyewe hazihitaji. Anayemtolea mwingine azivae zikipatikana, lakini zisichukue nafasi ya kunawa mikono. Zamani ilidhaniwa kazi hii haiwezi kufanywa ila kwa vifaa vilivyotakaswa kama vya chumba cha upasuaji. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides na wenzake wa Michigan, Marekani, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa usafi wa kawaida unatosha, kwa kuwa kinacholeta maambukizi zaidi ni kibofu kuachwa kijae na kutanuka kupita kiasi. Tangu hapo njia hii imefanywa nyumbani, shuleni na kazini duniani kote, na hakuna sababu ya familia ya Mombasa kuiona ni ya matajiri.

Hatua za kutoa mkojo

1. Tafuta mahali pa faragha penye mwanga. Unaweza kuketi chooni, kwenye kiti cha magurudumu au kulala kitandani. Aliyeumia uti akague kwanza kwamba nguo hazijakunjamana chini ya makalio, kwa sababu vidonda vya kulalia huanzia hapo.

2. Panga kila kitu karibu na mkono kabla ya kunawa. Ukinawa kwanza kisha ukaanza kufungua begi na kuvuta kiti, umeshachafua mikono.

3. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayomiminika, ukisugua kati ya vidole na chini ya kucha, angalau kwa sekunde 20. Maji ya kisima yenye chumvi hayatoi povu vizuri. Ongeza sabuni na usugue kwa muda mrefu zaidi. Ikiwa maji ni ya dumu ulilonunua, mtu akumiminie kwa kopo, usitumbukize mikono ndani ya beseni. Kati ya hatua zote hii ndiyo isiyorukwa, hata ukiwa na haraka ya namna gani.

4. Osha sehemu za siri kwa maji na sabuni laini. Mwanamke aoshe kutoka mbele kwenda nyuma, wala asirudishe mkono. Dawa kali za kuoshea vidonda hazifai hapa, kwani huchubua ngozi na kuongeza maambukizi.

5. Paka jeli kwenye mpira. Kwa mwanamume ienee sentimita 10 hadi 15 za mwanzo, kwa mwanamke sentimita 5 zatosha. Ncha nyingine ya mpira iweke ndani ya jagi au ielekeze chooni.

6. Mwanamume ashike uume na kuuinua kuelekea tumboni, ukiwa umenyooka, ili kona ya njia ya mkojo ikunjuke. Asiyetahiriwa avute ngozi ya mbele nyuma kwanza. Aingize mpira polepole, bila kusukuma kwa kishindo. Njia ya mwanamume ina urefu wa takriban sentimita 20, na karibu na mwisho wake mpira hukutana na msuli wa mlango wa kibofu na kusita. Hapo asimame, avute pumzi ndefu, akohoe kidogo, kisha aendelee kwa mkazo mwepesi usiobadilika. Msuli hulegea wenyewe baada ya muda mfupi. Anayetumia nguvu mahali hapa hutoboa njia ya uongo pembeni, na jeraha hilo likipona huacha kovu linaloziba.

   Mwanamke atanue miguu, afungue mikunjo ya uke kwa vidole viwili, na kwa msaada wa kioo aangalie tundu dogo lililo juu ya mlango wa uke na chini ya kisimi. Njia yake ni fupi, takriban sentimita 4, hivyo mkojo huanza kutoka mpira ukiingia kidogo tu. Mpira ukipotea ukaingia ukeni, auache hapo hapo uwe alama, achukue mwingine safi, aelekeze juu yake. Mpira uliokwisha kuingia ukeni usihamishiwe kwenye njia ya mkojo. Baada ya majuma machache wengi huacha kioo na kutumia ncha ya kidole kupapasa.

7. Mkojo ukianza kutoka, sukuma mpira sentimita 2 au 3 zaidi ili matundu yake yote yaingie kibofuni. Mwanamume ashushe uume sasa.

8. Acha mkojo utoke wenyewe. Ukipungua, inama mbele kidogo au bonyeza kwa wepesi juu ya kinena. Ubonyezaji huu ni wa kumalizia tu, mpira ukiwa ndani. Kukandamiza tumbo bila mpira ili kulazimisha mkojo utoke ni desturi ambayo baadhi ya familia zimefundishana, nayo huupeleka mgandamizo kwenye figo.

9. Vuta mpira taratibu. Mkojo ukianza tena kutoka njiani, simama hadi uishe, kisha endelea. Wengi hukosa hapa: huuchomoa kwa mara moja na kuacha kikombe kizima ndani, na mkojo huo unaobaki ndimo viini huzaliana.

10. Karibu na mwisho, ziba ncha ya nje kwa kidole ili mkojo uliomo mpirani usimwagikie nguo. Aliyevuta ngozi ya mbele airudishe mahali pake mara moja, kwa sababu ikiachwa nyuma huvimba na kuukaba uume.

11. Soma kiasi kwenye jagi, tazama rangi, uandike saa, mililita, na kama ulikuwa mkavu au umelowa. Nawa mikono tena.

Saa zako na kiasi chako

Kibofu kisichohisi huongozwa na saa ya ukutani. Mtu mzima huanza na mara 4 hadi 6 kwa siku, na kipimo cha kukuongoza ni hiki: mkojo unaotoka kwa mara moja usizidi mililita 500, na ni vizuri zaidi ukibaki kati ya 300 na 400. Ukiona 600 au 700, tatizo si mpira. Ongeza mara moja katika ratiba, au angalia ulikunywa nini saa mbili zilizotangulia. Kwa mtoto, jumlisha 1 kwenye umri wake, kisha zidisha kwa 30, na utapata takriban mililita ambazo kibofu chake kinastahili kubeba. Mtoto wa miaka 5 kwa hesabu hiyo hubeba 180, kwa hiyo anayetoa 300 amechelewa sana.

Wengi wa Mombasa hupata wepesi wakiifungamanisha ratiba na siku yao ilivyo. Mpangilio unaofaa watu wengi ni saa 11 alfajiri, saa 3 na nusu asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 na nusu magharibi, na saa 4 na nusu kabla ya kulala. Usizifuate nyakati za swala tano kama zilivyo, kwa sababu magharibi na isha zimekaribiana mno, na kutoka isha hadi alfajiri ni mbali mno. Suala la udhu na swaumu kwa anayetumia mpira au anayechuruzikwa lina hukumu zake. Mpelekee sheikh wako mapema na umweleze hali yako bila haya. Kwa upande wa mwili, anayefunga Ramadhani atakunywa maji yake yote kati ya futari na daku, kwa hiyo na mpira nao huhamia usiku: mara 3 au zaidi kabla ya alfajiri. Mwenye mawe ya figo, au ambaye figo zake zimeshapungua nguvu, asifunge kabla ya kuzungumza na daktari.

Kunywa lita 1.5 hadi 2 kwa siku, kidogo kidogo, na upunguze baada ya saa 1 usiku. Katika joto la Februari na Machi unapotokwa na jasho jingi, kiasi hicho huongezeka. Kahawa tungu na chai ya rangi huuchochea msuli wa kibofu. Mwenye kulowa ghafla ajaribu kuziacha kwa juma moja aone.

Ukisafiri, toa mkojo kabla ya kutoka. Foleni ya kivuko cha Likoni, au msongamano wa Changamwe, unaweza kukula saa nzima ambayo hukuipangia. Beba mpira mmoja zaidi ya unaotarajia kutumia, na chupa ndogo ya maji yenye sabuni. Kwa basi la usiku la kwenda Nairobi, mwambie dereva au kondakta kabla hujapanda kwamba utahitaji kusimama. Ni ombi la afya, na ukilisema mapema na waziwazi kwa kawaida hukubaliwa.

Kuosha na kutunza mipira

Iliyo bora ni mpira mpya kila mara, na watengenezaji wengi huandika hivyo. Familia nyingi haziwezi kuununua kila siku, na ni afadhali kutumia mpira uliooshwa vizuri kuliko kuacha kibofu kijae. Mwombe muuguzi akuambie ni aina gani katika uliyonayo inaoshwa. Mipira yenye utelezi uliotiwa kiwandani, ambayo hulowekwa maji na kuwa laini yenyewe, hairudiwi kabisa.

Mpira unaooshwa utie maji ya sabuni mara tu baada ya kuutumia, kabla mkojo haujakauka, uyapitishe ndani kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kisha usuuze kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Ukung'ute, uuning'inize juu ya kitambaa safi hadi ukauke ndani na nje. Katika unyevunyevu wa pwani jambo hili huchukua muda kuliko unavyofikiri, na mpira uliofungiwa mkebeni ukiwa na maji ndani huota ukungu. Kwa sababu hiyo uwe na mipira kadhaa ya kupokezana. Ukiwa mgumu, ukipasuka, ukibadilika rangi au ukinuka hata baada ya kuoshwa, utupe. Mpira ni wa mtu mmoja. Ndugu wawili wenye hali moja hawautumii pamoja.

Nani afanye kazi hii nyumbani

Hili huleta ukimya mwingi katika nyumba zetu kwa sababu ya stara, na ukimya huo unawaumiza watoto. Mama humtolea mwanawe akiwa mchanga, lakini kuanzia miaka 6 hivi watoto wengi wenye mikono na akili timamu wanaweza kuanza kujifunza, kwanza kwa kushika jagi, kisha kupaka jeli, kisha kuingiza mpira wenyewe. Usingoje abalehe. Kijana wa miaka 13 anayetolewa mkojo na mamaye huanza kukataa, hurusha saa, na shuleni hana wa kumsaidia. Mwalimu mmoja anayeaminika aelezwe, ili mtoto apewe ruhusa na chumba penye mlango unaofungika.

Aliye na mikono isiyoshika, na hana jamaa wa kumfanyia mara 5 kwa siku, asilazimishwe. Kwake mpira wa kudumu ni uamuzi wa heshima, na ule unaopitishwa juu ya kinena mara nyingi ni bora kuliko unaopita njia ya mkojo, kwa sababu hauchubui njia na hauzuii tendo la ndoa. Huo nao hubadilishwa kwa ratiba, kwa kawaida kila baada ya majuma 4 hadi 6 au kama daktari alivyoelekeza.

Dawa zinazoandamana na mpira

Kibofu kinachokaza chenyewe hulegezwa kwa dawa kama oksibutinini, ambayo kwa mtu mzima mara nyingi huanza na miligramu 5, mara 2 au 3 kwa siku, kwa maandishi ya daktari. Hukausha mdomo, hufunga choo, na hupunguza jasho. Athari hii ya mwisho ni ya kuangaliwa sana hapa Mombasa, hasa kwa watoto: mtoto asiyetoa jasho akicheza juani saa 8 mchana anaweza kupanda joto vibaya. Mpe kivuli, maji na kitambaa chenye maji. Wazee huweza kuchanganyikiwa kwa dawa hii, na wenye baadhi ya magonjwa ya macho hawaruhusiwi kuitumia. Dawa zikishindwa, wataalamu huchoma sindano za botulinamu, dawa inayolegeza msuli, kwenye ukuta wa kibofu, uniti 200 kwa kawaida, ambazo hudumu miezi kadhaa. Anayechomwa lazima awe tayari kutumia mpira baadaye.

Shida zikitokea

*Mpira hauingii.* Pumzika dakika 10, jifunike ujipatie joto, vuta pumzi, ongeza jeli, jaribu tena mara moja kwa mpira mwingine. Ukishindwa na kibofu kimejaa, nenda hospitalini. Usijaribu mara ya tatu wala ya nne.

*Mpira umeingia lakini hakuna mkojo.* Huenda jeli imeziba matundu, subiri dakika moja. Huenda pia haujafika, au kwa mwanamke umeingia ukeni.

*Damu.* Matone machache mwanzoni si ajabu. Damu nyingi, mabonge, au damu ya kila siku ni ya daktari. Ikiwa umekulia karibu na mito na mabwawa ya Kwale, Kilifi au Tana River, taja hilo, kwa sababu kichocho cha kibofu kipo pwani na huleta damu kwenye mkojo hata kwa asiyetumia mpira.

*Mkojo una ukungu au harufu, lakini huna homa.* Ongeza maji na usirushe saa. Karibu kila anayetumia mpira ana vijidudu kwenye mkojo, na kipimo kuonyesha viini bila wewe kuugua si sababu ya kumeza antibayotiki. Anayezinunua dukani kila mkojo unaponuka hujenga viini visivyosikia dawa, na siku ya homa ya kweli hana kitu cha kumponya.

*Homa, baridi ya kutetemeka, maumivu ya ubavuni, kutapika, au miguu kukakamaa kuliko kawaida.* Haya ni maambukizi yenyewe. Nenda siku hiyo hiyo, utoe mkojo wa kuoteshwa maabara kabla ya kumeza dozi ya kwanza ya antibayotiki.

*Unalowa kati ya saa na saa ingawa zamani ulikuwa mkavu.* Anza na choo kikubwa: utumbo uliojaa hukibana kibofu. Kula mapapai, mbaazi, mchicha. Kama choo ni sawa, chunguza maambukizi. Aliyeumia uti karibuni ajue pia kwamba kibofu kilicholegea majuma ya kwanza kinaweza kuanza kukaza baadaye, mara nyingi kati ya juma la 6 na la 12, na matibabu lazima yabadilike pamoja nacho.

*Kichwa kinagonga ghafla, uso unawaka na jasho linatoka juu ya jeraha.* Kwa aliyeumia uti kuanzia usawa wa kifua wa juu kwenda shingoni, hii ni dharura inayoweza kupasua mshipa wa ubongo. Mketishe wima, miguu ining'inie, legeza mshipi na nguo zote, toa mkojo papo hapo. Kama ana mpira wa kudumu, angalia kama umejikunja au umeziba. Shinikizo la damu la watu hawa kwa kawaida liko chini, takriban 90 hadi 110 kwa namba ya juu, kwa hiyo 140 kwao ni juu sana hata kama muuguzi wa zamu ataiona ya kawaida. Mwambie hivyo. Dalili zisipotulia baada ya kutoa mkojo, mpeleke hospitalini bila kusubiri.

*Kila kitu ni shwari.* Hata hivyo rudi kliniki. Ultrasaundi ya figo na kreatinini hurudiwa mara moja kwa mwaka kwa mtu mzima, na kila baada ya miezi 6 kwa mtoto mdogo mwenye mgongo wazi au kwa yeyote ambaye kibofu chake kilionekana kuwa na mgandamizo mkubwa. Nenda na daftari lako, na uombe lisomwe kabla dawa hazijaandikwa upya.